Breki za Kimani na Mayai ya Njeri

Kabla hujapaka kalipa za breki zako rangi nyekundu, keti hapa kidogo. Najua una haraka. Kila kijana anayekuja kunisalimia hapa Landless na kagari kameshushwa mpaka kanakwaruza matuta huwa na haraka. Anafungua boneti kabla hajafungua mdomo, ananionyesha turbo, ananionyesha kichujio cha hewa kikubwa kama sufuria ya harusi, kisha anasubiri nipige makofi. Mimi humuuliza swali moja tu: mafuta ya breki ulibadilisha lini? Hapo ghafla anakumbuka kuna mtu anamngoja mjini.

Nimefanya kazi ya breki maisha yangu yote ya utu uzima. Si injini, si gia, si nyaya. Breki. Mafundi wa injini walikuwa na majina makubwa hapa Thika, na watu walikuwa wakiwanunulia soda. Mimi nilikuwa Mama Shiro wa breki, na hakuna anayemnunulia soda fundi wa breki, kwa sababu kazi yake ikienda vizuri hakuna kinachotokea. Gari linasimama, mtu anashuka, anaenda zake. Nani atashukuru kwa jambo ambalo halikutokea?

Aliyenifundisha alikuwa Bwana Gurdip, Singasinga aliyekuwa na gereji karibu na viwanda. Alizaliwa hapa hapa Thika, na akikasirika alitukana kwa Kikuyu kilichonyooka kuliko cha babangu. Alikuwa na sheria moja ambayo haikuandikwa popote. Ukimaliza kufunga breki za gari, yeye anashika usukani na wewe unaketi kando yake, mnaenda kulijaribu. Hakuna kusema bado unanawa mikono. Tulikuwa na fundi mmoja ambaye kila akiitwa kupanda alishikwa na kichefuchefu. Bwana Gurdip hakubishana naye. Alimwambia, "Fungua tena hizo gurudumu, utapona." Na kweli, akifungua alikuwa anapata boliti iliyofungwa kwa vidole tu, anaikaza, na kichefuchefu kinaisha.

Huyo huyo mwenye kichefuchefu ndiye aliyewahi kujaza oili ya injini mahali pa mafuta ya breki. Oili ile inafanya mipira ya ndani ivimbe kama mahamri kwenye karai. Breki zikashika, zikakataa kuachia, na gari la mteja likasimama katikati ya mzunguko wa barabara mchana kweupe, polisi akipuliza filimbi kana kwamba gari lina masikio. Kwa hivyo jambo la kwanza nawaambia, soma kifuniko. Kimeandikwa ni mafuta gani ya kutia. Waliotengeneza gari hawakuandika pale ili kupitisha wakati.

Lakini leo nataka kuwaambia habari za Kimani na Njeri, kwa sababu kila mmoja wenu ananiuliza kuhusu breki kubwa, na mimi nimechoka kueleza kwa maneno matupu.

Wakati huo nilikuwa nimeshatoka kwa Bwana Gurdip na nina gereji yangu mwenyewe Ruiru, ile ambayo sasa binti yangu Shiro anaiendesha kwa kompyuta. Asubuhi moja gari la kuvuta liliingia likiburura kagari ka zamani ka milango mitano, ka aina ambayo walimu walikuwa wakinunua wakipata mkopo wa kwanza. Lakini hako hakakuwa ka mwalimu. Kalikuwa kameshushwa, egzosi yake ungeweza kuingiza ngumi, na kwenye kioo kulikuwa na utepe wa jina la kundi lao la magari. Kutoka bampa mpaka juu ya boneti kalikuwa kamejaa nyasi za nepia, kama kametoka kulisha ng'ombe. Na ndani kalinuka mayai mabichi.

Wakashuka watu wawili. Mwanamume kijana, kanyolewa vizuri sana, na mwanamke mwenye ute wa yai umekaukia kwenye sweta.

"Mathe, niaje," mwanamume akasema. "Mimi ni Kimani, niko na kibanda cha kinyozi Mwihoko. Huyu ni bibi yangu. Tunataka breki kubwa."

"Mimi ni Njeri," mwanamke akasema. "Sitaki breki kubwa. Nataka breki."

Niliwapa viti. Kimani hakuketi, alikuwa anazunguka akitoa nyasi kwenye bampa na kupima mikwaruzo kwa kidole. Njeri ndiye aliyenieleza.

Gari lilikuwa la wote wawili, ila kwa zamu. Jumamosi na Jumapili lilikuwa la Kimani na marafiki zake, wanaokutana mahali na kunguruma. Siku za kazi lilikuwa la Njeri. Alikuwa akipanda nalo mpaka upande wa Gatura kwa wafugaji wa kuku, anajaza trei za mayai kutoka sakafuni mpaka karibu na dari, anashuka kuuzia maduka ya Mwihoko na Mwiki na wale wanaotembeza mayai ya kuchemsha na soseji za smokie. Kimani alikuwa ametoa injini ya zamani na kuweka yenye turbo kutoka kwa gari zito zaidi la kampuni hiyo hiyo. Aliweka egzosi, aliweka springi fupi, aliweka viti vilivyobana mbavu. Breki aliziacha kama zilivyotoka kiwandani, zile za kusimamisha mwalimu anayeenda dukani.

Sasa siku iliyotangulia, Njeri alikuwa akiteremka pale mashamba ya chai yanapoisha na kahawa kuanza. Kuna mteremko mrefu unaopinda mara mbili, kisha daraja, na kando ya daraja huwa kuna akina mama wanauza maparachichi.

"Nilikanyaga, ikashika," Njeri alisema. "Nikakanyaga tena, ikashika kidogo. Kukaanza kunuka kama kwato zinachomwa. Ya tatu ilikuwa kama nakanyaga mkate. Mguu ulienda mpaka chini na gari ikaendelea tu."

"Hendibreki?"

"Nilivuta. Ilikuja juu yote, hata haikuuliza ni nani."

Akaingiza gia ya pili. Injini ililia, gari likapungua lakini si vya kutosha, na chini pale akawaona wale akina mama wameinama juu ya vikapu vyao. Upande wa kushoto kulikuwa na shamba la nepia. Akageuza usukani akaingia humo. Zile nyasi ndefu zilimpokea, mayai yakaruka kutoka nyuma yakampita, mengine yakampasukia kichwani.

Mwenye shamba alikuwa cucu mmoja, nyanya wa makamo ya mamangu, akatoka na panga mkononi. Neno la kwanza alilosema lilikuwa, "Sasa ng'ombe wangu atakula nini?" Kisha akaona Njeri bado ameng'ang'ania usukani, akaweka panga chini, akampeleka nyumbani kwake, akarudi na sufuria kubwa kuokoa mayai yaliyopasuka vizuri. Njeri alisema alikula mayai ya kukaanga akilia, na cucu akimwambia aongeze chumvi.

"Kimani nilimpigia simu," akamaliza. "Aliuliza kama bampa imeshika."

Kimani aliacha kuzunguka. "Niliuliza kuhusu wewe kwanza."

"Uliuliza, 'Uko sawa, na bampa?' Hiyo ni swali moja."

Mimi niliingia chini ya gari, maana ugomvi wa ndoa hausikiki vizuri ukiwa chini ya gari, na hiyo ni faida moja ya kazi hii ambayo hamuambiwi.

Sikiliza nilichokuta, kwa sababu ndicho nitakachokuta kwenye lako. Mafuta ya breki yakiwa mapya yana rangi ya asali iliyoongezwa maji. Ya Kimani yalikuwa meusi kama turungi iliyolala. Mafuta yale yana tabia ya kunywa unyevu wa hewani, mwaka baada ya mwaka, hata gari likiwa limeegeshwa. Ukishuka mlima ukikanyaga breki muda wote, chuma kinapata moto, moto unaingia kwenye mafuta, na yale maji yaliyojificha humo yanachemka. Yakichemka yanakuwa mapovu. Mafuta hayabonyezeki, ndiyo maana yanabeba nguvu ya mguu wako mpaka kwenye gurudumu. Povu linabonyezeka. Wewe unakanyaga povu, povu linacheka. Baada ya saa moja gari likipoa, pedali inarudi kuwa ngumu, fundi mvivu anakuambia hakuna shida, ulikuwa umeogopa tu.

Na pedi zake, zile zinazobana diski, zilikuwa zimeungua mpaka zikang'aa. Ukiona pedi inang'aa kama kioo, haishiki tena, inateleza. Waya wa hendibreki ulikuwa umelegea kabisa. Matairi yalikuwa ya mtumba, magumu kama soli ya gambuti.

Nilitoka chini nikawaambia. Kimani alisikiliza kwa heshima, kisha akaenda kwenye gari la kuvuta akatoa sanduku. "Ndiyo maana nimekuja na hizi," akasema.

Alikuwa ameshanunua kalipa, ile mikono ya chuma inayobana diski. Kubwa, nyekundu, pistoni sita kila moja. Na diski zake, pana kama sinia, zenye matundu kila mahali. Sitawadanganya, zilikuwa za kupendeza. Mtu angeweza kuzitundika sebuleni.

"Zimetoka kwa gari gani?" nikamuuliza.

"Ya mashindano, mathe."

"Uliiona hiyo gari?"

"Jamaa wa spea alinionyesha picha."

Nikamweleza polepole. Pampu kuu ya breki, ile tunaita masta, ni kama sindano ya daktari. Ukikanyaga, inasukuma mafuta kiasi chake, si zaidi. Kalipa kubwa ni tumbo kubwa. Masta ndogo ya gari la mwalimu itahangaika kulijaza tumbo la gari la mashindano, kwa hivyo mguu wako utazama sana kabla ya kitu chochote kushika, kisha kitashika chote kwa pamoja. Tena breki za mbele zikiwa na nguvu kupita kiasi na matairi ni ya gambuti, tairi linafunga, linateleza, na usukani unakuwa pambo. Kitu kinachosimamisha gari ni tairi. Breki zinasimamisha gurudumu tu.

"Kwa hivyo wewe ungeweka nini?" Njeri akauliza.

Nilimwambia. Ile injini yake ilitoka kwa ndugu mzito wa gari hilo. Basi tumtafute huyo ndugu tuchukue na breki zake: diski zake za mbele, kubwa kidogo tu, kalipa zake na masta yake, maana hizo zilitengenezwa zikijuana. Pedi nzuri zinazostahimili moto. Mafuta mapya. Paipu mpya za mpira, kwa sababu za zamani zinavimba ukikanyaga na kula nguvu. Dramu za breki za nyuma tuzifungue, tuzisafishe, tuzirekebishe, na waya wa hendibreki ukazwe. Matairi mapya. Basi.

Kimani alinitazama kama mtu aliyeagiza nyama choma akaletewa githeri. "Mathe, hizo hata hazitaonekana."

"Zitaonekana nyasi zikikosekana kwa bampa," Njeri akasema.

Wakaanza tena. Kimani akasema mimi ni fundi wa zamani, dunia imeenda mbele. Njeri akasema dunia imeenda mbele kwa sababu haina breki. Nilikuwa na kazi nyingine zinaningoja, na nilikuwa karibu kuwaambia waende wakaamulie nyumbani, wakati Njeri alipoinua mkono.

"Tuzipime zote mbili," akasema. "Tuweke trei ya mayai kiti cha nyuma. Kimani aendeshe. Tuone breki gani itasimamisha gari na mayai yatakuwaje."

Nimeona vipimo vingi katika kazi hii, vya mashine na vya kukisia, na sijawahi kuona kipimo bora kuliko hicho. Breki isiyoshika, utaigonga dunia. Breki inayonyakua, mayai yataigonga dunia kwa niaba yako. Breki nzuri inakuwa katikati, na yai linakaa hapo katikati halidanganyi mtu.

Nilifunga zile nyekundu. Hazikuingia ndani ya rimu za gari, kwa hivyo Kimani akaazima rimu kubwa za rafiki yake. Jumapili asubuhi, Wakristo wenzangu wakiwa kanisani, tulikuwa nyuma ya maghala ya Ruiru kwenye barabara isiyopita mtu. Njeri aliweka mtungi mtupu wa plastiki kando ya barabara, hapo ndipo mguu ungeanza kukanyaga. Akaweka mwingine mbele, katikati ya barabara kabisa. Huo ulikuwa mwisho.

"Huo wa pili ni akina mama wa maparachichi," akatuambia.

Yeye alikataa kupanda. Tangu siku ya nepia hakuwa amegusa usukani, hata kuketi mbele hakutaka, alikuja kutoka gereji kwa miguu, akiliacha gari litangulie kama mtu asiyelijua. Mimi nilipanda. Sheria ya Bwana Gurdip haikufa na gereji yake, na nilikuwa nimezifunga kwa mkono wangu.

Kimani aliondoka kwa mngurumo. Tukafika kwenye mtungi wa kwanza, akakanyaga. Hakuna kitu. Nikaona goti lake likienda chini, likaendelea kwenda chini, uso wake ukabadilika rangi, kisha breki zikanyakua zote mara moja. Tairi za mbele zikafunga. Gari likateleza moja kwa moja kama sabuni kwenye sinki, Kimani akizungusha usukani huku na huku bila faida. Mtungi wa pili tuliupitia juu. Na trei ya mayai ikaondoka kwenye kiti cha nyuma, ikapita kati yetu, na kufika kwenye kioo cha mbele kabla yetu.

 Ute ulikuwa unateremka polepole kwenye utepe wa jina la kundi lao.

Njeri alikuja akitembea, akainama kwenye dirisha. Alimtazama mumewe, akachomoa kipande cha ganda kwenye sikio lake.

"Wamama wamekufa," akasema. Hakuwa anacheka.

Kimani hakubishana tena. Alinisaidia hata kuzifungua. Ilituchukua siku kadhaa kupata breki za yule ndugu mzito kwenye maduka ya spea ya mtumba, na nilizikagua moja moja. Diski ya mtumba usiinunue kwa macho, ipitishe kidole ukingoni. Ukisikia ukuta umeinuka pale pembeni, imekwisha, hata kama muuzaji anaapa kwa mamake. Pedi zikiwa mpya usizikanyage kwa nguvu mara moja. Nenda mahali wazi, kimbia kidogo, kanyaga kwa upole mpaka gari linakaribia kusimama, achia, rudia, ongeza nguvu kidogo kidogo, kisha liendeshe tu lipoe bila kusimama na mguu juu ya breki. Pedi na diski lazima zizoeane. Ukizilazimisha siku ya kwanza zitakuchukia, na chuki yao ni mtetemo kwenye usukani kila unapokanyaga.

Jumapili iliyofuata tulirudi nyuma ya maghala. Mitungi miwili, trei moja, Kimani na mimi. Akakanyaga. Pedali ilishika juu, gari likainama mbele kidogo, likasimama wima. Mtungi wa pili ulikuwa mbele yetu bado, na nafasi ya kupita mtu na baiskeli. Tukageuka kutazama kiti cha nyuma. Mayai mawili yalikuwa na ufa.

"Imesimama," Kimani akasema, kwa sauti ya mtu anayemsifu shemeji asiyempenda.

Nilidhani tumemaliza. Nilikuwa tayari natoa funguo mfukoni. Lakini Njeri alikuwa amesimama kando ya barabara, mikono imekunjwa.

"Hiyo ni mara moja," akasema. "Hata zile za zamani siku ile zilishika mara ya kwanza. Mimi nilikuwa natoka juu nikikanyaga njia yote."

Alikuwa na haki. Breki yoyote inaweza kusimamisha gari mara moja. Mlima ndio unaouliza mara ya kumi.

"Basi twende mlimani," nikasema. "Nitaendesha mimi."

Alilitazama gari. "Hapana," akasema. "Kama si mimi, sitajua."

Tulipanda upande wa Gatura, Njeri kwenye usukani, mimi kando yake, Kimani nyuma na trei mapajani, maana Njeri alisema viti vya nyuma havijaaminika. Kupanda hakukuwa na shida. Kule juu akageuza, akasimama kando ya barabara mbele ya chai, na hapo akakaa. Mikono yake ilikuwa kwenye usukani, gari limezimwa. Kuna wakati fundi anafunga mdomo, na hiyo nayo ni sehemu ya kazi.

Kisha akawasha, tukaanza kuteremka.

Alikanyaga breki tangu mita ya kwanza na hakuinua mguu. Nilijua kwa nini, na hata mimi ningefanya hivyo. Lakini tulipofika kona ya kwanza nikaanza kusikia ile harufu ya kwato zinazochomwa, ya breki inayopata moto.

"Inanuka," akasema. Sauti ilikuwa imepanda. "Mama Shiro, inanuka tena."

"Ondoa mguu."

"Nini?"

"Weka gia ya tatu. Kisha ondoa mguu kwa breki."

"Siwezi."

"Hizi ni breki nzuri, lakini hata hizo zinapumua. Zipe nafasi. Injini itakushikilia."

Sijui kama mnaelewa nilichokuwa nikimwomba. Kumwambia mtu aliyeshuka mlima bila breki aondoe mguu kwenye breki, kwenye mlima huo huo. Aliingiza gia ya tatu. Injini ikaguna, gari likajizuia lenyewe. Na mguu wake ukainuka, kidogo kidogo, kama mtu anayeweka chini kikombe kilichojaa.

Kutoka nyuma Kimani akasema, "Njeri, simama nishuke."

"Kaa hapo."

"Kweli, mayai yananiponyoka."

"Shika."

Tukapita kona ya pili. Akakanyaga mara moja, kwa uthabiti, breki zikashika, akaachia. Harufu ilikuwa imepungua. Chini pale daraja likaonekana, na akina mama na vikapu vyao, na upande wa kushoto lile shamba la nepia, nyasi bado zimelala mahali gari lilipopita. Njia aliyoikata ilikuwa fupi kuliko nilivyofikiria, na mwisho wake kulikuwa na gema, ukingo unaoshuka wima mpaka mtoni.

Kimani aliliona gema lile. Hakuwa amewahi kufika pale. Siku ile alikuwa ametuma gari la kuvuta akalisubiri Thika.

"Ulikuwa peke yako humu," akasema, polepole.

"Sikuwa peke yangu," Njeri akasema bila kugeuka. "Nilikuwa na mayai yaliyolipia hiyo turbo yako."

Alikanyaga kabla ya daraja, gari likasimama kando ya wale akina mama kama mtu mstaarabu. Mmoja wao akamtambua, akauliza kama safari hii amekuja kununua au kulima. Njeri akanunua maparachichi. Kimani alishuka, akavuka barabara, akaenda akasimama ukingoni mwa lile gema akitazama chini. Aliporudi alifungua mlango wa nyuma, akaketi na trei yake mapajani.

Nilidhani tunaelekea nyumbani Ruiru. Njeri akageuza gari, akaanza kupanda tena.

"Tunaenda wapi?" Kimani akauliza.

"Juu."

"Lakini imeshika. Si umeona imeshika?"

"Nimeona. Sasa nataka kuizoea."

Akapanda mpaka kwenye chai, akageuza, na safari hii hakusimama kuwaza. Aliingiza gia ya tatu mapema na kuanza kuniuliza kama nimesikia bei ya chakula cha kuku. Nikamwambia nimesikia, mimi mwenyewe nina kuku kadhaa Landless. Akasema wafugaji wa Gatura sasa wanachanganya wenyewe, wanatumia pumba na dagaa. Nikamwambia dagaa wakizidi yai linanuka samaki. Akasema hapana, inategemea ni dagaa wa wapi. Tukabishana vizuri sana, yeye akitoa mkono mmoja kwenye usukani kunionyesha ukubwa wa dagaa anaosema, na tulikuwa tumeshavuka daraja kitambo nilipotambua kwamba hakuna aliyekuwa ametaja breki. Niligeuka kumwambia Kimani. Alikuwa amelala, kinywa wazi, mikono miwili imekumbatia trei.